Mashabiki wa Katuni za Kijapani na Usimulizi wa Kiswahili: Mfano wa Uvira

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza mkutano wa mashabiki wa katuni za Kijapani ni kitu gani, ulianzia wapi, na unageuka kuwa nini unapofika katika mji unaosema Kiswahili kama Uvira. Huenda msomaji akashangaa kuikuta mada ya namna hii katika jarida la taaluma za Kiswahili. Mshangao huo tulikuwa nao hata sisi. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa lisansi alituletea pendekezo la kazi yake ya mwisho wa masomo. Alitaka kuchunguza lugha ya vijana wanaotazama katuni hizo. Tulimjibu kwamba huo ni mchezo wa watoto, tukamshauri achague methali. Alichagua methali, akaandika, akafaulu. Mwaka 2024 alirudi, safari hii si kwa kuomba ushauri bali kwa kutualika katika mkusanyiko wa mashabiki wenzake. "Mwalimu, njoo ujionee tu," alisema.

Tulikwenda, na yale tuliyoyasikia yalitulazimisha kukiri kwamba jibu tulilompa halikuwa sahihi. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba mkutano wa mashabiki, ambao huko ulikozaliwa ulikuwa soko la michoro na ambao kwingineko umekuwa maonyesho ya mavazi, huku kwetu umekuwa baraza la usimulizi. Kiungo chake kikuu ni msimulizi wa Kiswahili. Kwa hiyo ni suala la lugha na fasihi simulizi, nalo linastahili kuchunguzwa kama tunavyochunguza ngano na methali.

2.0 Mkutano wa mashabiki ni nini?

Kwanza tufafanue istilahi. Kiswahili hutumia neno moja, katuni, kwa michoro iliyochapishwa karatasini na kwa michoro inayotembea katika filamu. Wajapani hutenganisha mambo hayo mawili. Hadithi ya michoro iliyochapishwa huitwa manga, na filamu ya michoro huitwa anime. Neno manga lina umri mkubwa. Mchoraji Hokusai alilitumia katika jina la vitabu vyake vya michoro ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1814. Anime ni neno changa zaidi, na tutalirudia baadaye. Katuni ya televisheni iliyoweka msingi wa sanaa hii ilikuwa ile ya Tezuka Osamu kuhusu mtoto roboti, ijulikanayo Ulaya na Marekani kwa jina la Astro Boy. Ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 1 Januari 1963.

Mkutano wa mashabiki ni mkusanyiko wa watu wapendao kazi za aina hiyo, uliopangwa nao wenyewe au kwa ajili yao. Mfano unaotajwa zaidi ni Comiket wa Tokyo. Ulifanyika mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1975, ukiwa na vikundi 32 vya wachoraji wasio wa kulipwa na wageni wapatao 700. Mwezi Desemba 2019 mkutano huohuo ulihudhuriwa na watu wapatao 750,000 kwa siku nne. Kiini cha Comiket tangu mwanzo kilikuwa soko: shabiki huchora kitabu chake mwenyewe, hukichapisha kwa gharama zake, kisha humwuzia shabiki mwenzake.

Jambo la pili linaloambatana na mikutano hii ni kujivika uhusika, yaani shabiki kuvaa na kujipamba afanane na mhusika anayempenda. Jambo hili si la Japani peke yake. Mwaka 1939, katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi uliofanyika New York, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas walihudhuria wakiwa wamevaa mavazi ya watu wa zama zijazo. Wajapani waliupa mtindo huo jina la kosupure katika miaka ya 1980. Katika Afrika ya Mashariki mfano unaofahamika ni NAICCON wa Nairobi. Huko mavazi ya wahusika, michezo ya kompyuta na kazi za wachoraji wa Kenya hukutana chini ya paa moja.

Tukijumlisha, mkutano wa mashabiki una mambo manne: kutazama pamoja, kuuziana kazi, kujivika uhusika na kushindana. Kila mahali huchagua lipi kati ya hayo litangulie, na uchaguzi huo hutegemea kile ambacho watu wa mahali hapo wanacho mkononi.

3.0 Njia iliyozifikisha katuni hizi ziwani

Katuni za Kijapani zimefika katika nchi nyingi zinazosema Kifaransa kupitia Ufaransa. Televisheni ya huko ilianza kuonyesha Goldorak mwezi Julai 1978. Baadaye kipindi cha Club Dorothée, kilichodumu kuanzia 1987 hadi 1997, kiliwalea watoto wengi kwa katuni hizo. Watafsiri wa wakati huo hawakuogopa kubadili majina. Tsubasa, yule mtoto mcheza kandanda wa mchoraji Takahashi Yoichi, akawa Olivier, na katuni yake ikaitwa Olive et Tom. Katika nchi za Kiarabu mtoto huyohuyo alipewa jina la Majid. Hivyo mtoto wa Lyon na mtoto wa Maskati walimpenda mchezaji mmoja bila kujua kwamba ni mmoja.

Kijana wa Uvira wa leo hapokei katuni kutoka kituo cha televisheni. Huipata katika simu, katika kadi ya kumbukumbu au katika flashi inayopita mkono kwa mkono, pengine baada ya kuvuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura. Aghalabu sauti ni ya Kijapani, na maandishi yaliyo chini ya picha ni ya Kifaransa. Mazungumzo ya wanaotazama ni ya Kiswahili. Kuna basi tabaka tatu za lugha katika saa moja ya kutazama. Sikio husikia lugha isiyoeleweka, jicho husoma lugha ya shule, na kinywa hutumia lugha ya mtaa.

Tabaka la kati ndilo lenye tatizo. Maandishi hupita upesi. Anayeyasoma kwa wepesi ni yule aliyekaa darasani miaka mingi, na katika mji wetu wengi hawakupata nafasi hiyo. Wengine walikatizwa na vita, wengine na karo. Mbele ya picha hizo hadhira hugawanyika, wasomaji upande mmoja na wasiosoma upande wa pili. Pengo hilo ndilo linalomzaa msimulizi.

4.0 Mkusanyiko wa Uvira

Mkusanyiko tulioalikwa haukuwa na jina wala tiketi. Ulifanyika katika darasa moja la shule, upande wa juu wa mji, kwa kuwa mwaka huo maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kuzifunika sehemu za chini. Palikuwa na jenereta, skrini iliyotengenezwa kwa shuka, vipaza sauti viwili na madawati yaliyosogezwa ukutani. Vijana wapatao hamsini walikaa chini. Wawili kati yao walikuwa wamejivika uhusika. Mmoja alijifunga utepe wa kitambaa kwenye paji la uso, akabandika juu yake kipande cha bati la kopo kilichochorwa alama ya kijiji cha Naruto. Mwingine alivaa joho lililoshonwa kwa kitenge cha mama yake. Kazi za kuuza zilikuwa daftari moja tu la michoro ya kalamu ya wino, nalo lilizungushwa likaangaliwa bila kununuliwa.

Kama tungetumia kipimo cha Tokyo au cha Nairobi, tungesema kwamba mkutano huo ulikuwa na upungufu wa kila kitu. Lakini filamu ilipoanza, kijana mmoja alisimama kando ya shuka, akapunguza sauti ya Kijapani, akaanza kusimulia kwa Kiswahili. Hakuwa anafasiri maandishi neno kwa neno. Alimtambulisha mhusika kabla hajasema, alikumbusha yaliyotokea katika sehemu iliyopita, alibadili sauti kwa mzee na kwa mtoto, na mahali penye mapigano alinyamaza akaiachia picha kazi. Hadhira ilimjibu. Alipokosea jina, walimsahihisha. Alipouliza, "Sasa huyu atafanya nini?", walipiga kelele za majibu. Mwanafunzi yeyote wa fasihi simulizi angeyatambua mambo hayo mara moja: fanani, hadhira, ushiriki, na utendaji unaozaliwa papo kwa papo.

Usimulizi wa namna hii una ndugu wengi katika eneo letu. Nchini Uganda wasimulizi wa filamu katika vibanda vya video wamejijengea majina makubwa. Nchini Tanzania Lufufu alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika filamu za kigeni, na nchini Kenya DJ Afro amefanya hivyo kwa Kiswahili kilichochanganyika na lugha ya vijiwe vya Nairobi. Kongo nayo ina historia ndefu ya picha za sinema kupewa maneno ya Kiafrika. Katika miaka ya ukoloni wamisionari Wakatoliki walikuwa na vituo vya kutengeneza filamu, kikiwamo Africa Films cha Bukavu. Padri Alexandre Van den Heuvel, aliyefanya kazi Léopoldville, alitengeneza katika miaka ya 1950 katuni za swala mdogo mwerevu aitwaye Mboloko, aliyechukuliwa kutoka katika ngano za wenyeji. Katuni si mgeni wa jana katika nchi hii, na mara ile ya kwanza iliingia kwa kuegemea ngano.

Ndugu anayeshangaza zaidi yuko Japani kwenyewe. Filamu zilipokuwa hazina sauti, Wajapani hawakutosheka na maandishi. Kando ya pazia alisimama msimulizi aitwaye benshi, aliyeeleza hadithi na kutoa sauti za wahusika wote. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mabenshi walikuwa zaidi ya 6,000, na watu walichagua jumba la sinema kwa kuangalia benshi wake kuliko filamu yenyewe. Ujio wa filamu zenye sauti uliwanyima kazi katika miaka ya 1930. Hivyo kijana wa Uvira anapopunguza sauti ya Kijapani ili asimulie kwa Kiswahili, anairudisha filamu ya Kijapani katika desturi iliyokuwa ya Kijapani pia. Hakuna aliyemfundisha. Haja ileile imezaa kazi ileile.

5.0 Baadhi ya mambo ya kiisimu

Jambo la kwanza ni matamshi. Majina ya Kijapani hayampi taabu msemaji wa Kiswahili. Naruto, Sasuke, Sakura na Tsubasa hutamkwa Uvira karibu kama yalivyo. Sababu ni kwamba lugha zote mbili hupendelea silabi wazi, yaani konsonanti ikifuatwa na irabu. Kwa sababu hiyohiyo lugha hizi hukopa kwa mtindo unaofanana, kwa kuongeza irabu mwishoni au kati ya konsonanti. Kijapani kina keki, supu na basu, ingawa irabu ya kwanza katika keki na supu huvutwa. Kiswahili kina keki, supu na basi. Lugha hizo mbili hazikuambizana. Kila moja ililipokea neno la kigeni kwa sheria zake, zikafika mahali pamoja.

Jambo la pili ni neno anime. Wajapani walikopa neno la Kiingereza, wakalitamka animeshon, kisha wakalikata. Lakini Mkongomani aliyesoma Kifaransa analifahamu dessin animé tangu utotoni, kwa hiyo anapolisikia anime hudhani ni ufupisho wa neno hilo. Asili mbili zimekutana katika umbo moja. Matokeo yake ni mgawanyo wa maana. Kwa mashabiki wa Uvira anime ni ya Kijapani tu, na dessin animé ni ya watoto wadogo.

Jambo la tatu ni ngeli. Kiswahili cha mashariki ya Kongo hupenda kiambishi ma- kwa wingi wa maneno ya kukopa. Tulisikia maanime, mafilimu na maninja. Lakini manga ililetea wasemaji shida ndogo yenye kufurahisha, kwani neno lenyewe linaonekana kana kwamba tayari liko katika wingi. Wengine walisema "manga yote nimesoma" wakikusudia vitabu vingi, na wengine "mamanga". Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba Kiswahili kina Manga nyingine, ile ya Uarabuni, inayosikika katika pilipili manga na katika jina Wamanga. Maneno hayo hayana uhusiano wowote, lakini mtunga kamusi hana budi kuyatenga.

6.0 Mjadala wa neno moja

Tumeacha mwisho jambo ambalo ndilo lililotusukuma kuandika. Sehemu iliyosimuliwa siku hiyo ilitoka katika Naruto, hadithi ya Kishimoto Masashi iliyochapishwa kuanzia 1999 hadi 2014. Naruto ni yatima. Kijiji chake kilishambuliwa usiku aliozaliwa, naye akakua akiepukwa na majirani kwa sababu ya kitu kilichofungiwa ndani yake bila hiari yake. Kati ya maadui zake yumo Nagato, mtoto wa nchi ndogo ya mvua iliyobanwa kati ya mataifa makubwa, ambayo huifanya uwanja wa vita vyao. Wazazi wa Nagato waliuawa na askari wa kijiji cha Naruto. Nagato naye alimwua mwalimu wa Naruto, kisha akakibomoa kijiji. Mwishowe wawili hao wanakutana ana kwa ana, na Nagato anauliza namna mnyororo huo wa kisasi utakavyokatika. Naruto hamwui. Jibu analitoa katika kitabu kilichoandikwa na yule mwalimu aliyeuawa, kitabu ambacho shujaa wake ndiye aliyempa Naruto jina.

Hapa msimulizi alisema, "Basi Naruto akamsamehe." Darasa zima likachachamaa. Msichana aliyekaa karibu na mlango alisema, "Hapana, hakumsamehe! Aliacha tu kulipiza." Kijana mwingine akamjibu kwamba kuacha kulipiza ndiko kusamehe. Jenereta liliendelea kuunguruma, picha ikasimamishwa, na kwa muda ambao hatukuupima watu wakajadili tofauti ya vitenzi viwili.

Mwanaisimu anaweza kuwasaidia kidogo. Kulipiza hutokana na kulipa, kwa hiyo Kiswahili hukitazama kisasi kama deni. Neno kisasi lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako lilihusu adhabu iliyolingana na kosa, na kusamehe limetoka katika lugha hiyohiyo. Anayesamehe hulifuta deni. Anayeacha kulipiza halifuti. Huliacha bila kulidai, na moyoni bado anajua kwamba anadai. Msichana yule alikuwa amesoma hadithi vizuri, kwani Naruto mwenyewe anakiri mbele ya Nagato kwamba chuki yake haijaisha. Mjadala ulitulia pale mtu mmoja mzima kidogo, aliyekuja na mdogo wake, aliposema, "Sema alimwachilia." Msimulizi akalikubali neno hilo na kuendelea. Kuachilia, ambalo ni kuacha kulikonyambuliwa kwa ajili ya mtu mwingine, linafahamika katika makanisa yetu kwa maana ya kumfungulia mtu kosa lake. Halisemi kwamba deni limefutwa. Linasema kwamba aliyeshikwa ameachwa aende.

Katika chumba kile walikuwamo vijana ambao nyumbani kwao husemwa Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kirundi au Kinyamulenge. Ni lugha za jamii ambazo zimezikana mara nyingi katika nchi hii iliyo kati ya ziwa na milima ya Itombwe. Hakuna aliyeulizwa ni mtoto wa nani. Wala hakuna aliyesema kwamba mazungumzo yalihusu jambo lingine zaidi ya katuni. Mwezi Desemba 2025 vita viliingia tena mjini Uvira, na baadhi ya waliokaa chini siku ile tulisikia kuwa wametawanyika hadi ng'ambo ya mpaka. Hatudai kwamba mkusanyiko ule ungeweza kuzuia lolote. Tunachodai ni kidogo zaidi, nacho ni kwamba Kiswahili kiliwapa mahali pa kupimia neno hilo kwa makini, wakiwa pamoja, kabla hawajalazimika kulitumia katika maisha yao.

7.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba mkutano wa mashabiki hubadilika kufuatana na mahali. Tokyo ulianza kama soko la vitabu vya mashabiki wenyewe. Uvira, ambako fedha ni haba na hadithi ni nyingi, umejengwa juu ya usimulizi. Tumeonyesha pia kwamba usimulizi huo una taratibu zake, una historia katika Afrika na Japani, na huzalisha data ya fonolojia, mofolojia na semantiki ambayo idara zetu huihitaji.

Yapo mambo matatu yanayopaswa kufanywa. Kwanza, usimulizi huu urekodiwe, kwani ukishasemwa hautunzwi popote. Pili, wasimulizi wahusishwe katika kazi ya istilahi. Maneno yao hupimwa na hadhira hai kila wanapokutana, na orodha zetu nyingi hazijapata mtihani kama huo. Tatu, kazi za wanafunzi kuhusu mada hizi zisikataliwe mlangoni kwa sababu ya jina lake.

Hili la tatu tumeanza nalo wenyewe. Yule mwanafunzi wa methali tumemwomba radhi, tukamwuliza kama bado anayo yale aliyoyaandika katika pendekezo lake la kwanza. Alisema anayo. Aliongeza kwamba lina ukurasa mmoja kuhusu kuachilia, alioandika kabla sisi hatujaukaribia mlango wa darasa lile.